Taarifa za Matetemeko ya Ardhi Papo kwa Papo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ardhi inapotikisika, maswali ni yaleyale: nani kapima, nani anaruhusiwa kuona vipimo, na zile namba zina maana gani. Nimeyakusanya hapa. Majibu hayalingani urefu. Mengine yanahitaji mistari miwili tu, mengine yana historia nyuma yake. Kama una muda wa kusoma jibu moja, soma lile la namba kubadilika.

Ni kweli taarifa hizi ni bure, au kuna mahali nitadaiwa?

Ni bure. Hakuna kujisajili, hakuna nywila, wala mwezi wa majaribio unaokwisha. Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, linaweka orodha ya matetemeko ya dunia kwenye earthquake.usgs.gov, na kwa kuwa ni kazi ya serikali ya shirikisho, sehemu kubwa haina hakimiliki. Unaweza kuipakua, kuichapisha, kuichorea ramani yako. Kituo cha EMSC kilichoko Ufaransa, kilichoanzishwa mwaka 1975, kina tovuti yake na programu ya simu iitwayo LastQuake. GEOFON ya Ujerumani, iliyo chini ya kituo cha utafiti cha GFZ mjini Potsdam, huchapisha orodha yake na hata rekodi za mawimbi yenyewe. Baadhi ya taasisi hutaka zitajwe kama chanzo, na nyingine hukataza matumizi ya biashara, basi soma leseni kabla hujajenga bidhaa juu ya data ya mtu.

Ukikuta programu inayokutoza ili ikuoneshe matetemeko ya leo, ujue unalipia rangi na vitufe. Kilichomo ndani kwa kawaida ni orodha hizihizi.

Kwa nini watoe bure kitu kinachogharimu hivyo?

Chanzo chake, ajabu kidogo, ni mabomu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilitaka kujua nani analipua nyuklia chini ya ardhi, na mlipuko wa namna hiyo huonekana kwenye vipima tetemeko. Ikasambaza vituo zaidi ya 100 vyenye vifaa vya aina moja katika nchi nyingi, mtandao ulioitwa WWSSN. Uamuzi wa maana ulikuwa kutoifungia data: rekodi zilipigwa picha kwenye filamu, na mtafiti wa popote aliweza kupata nakala. Haikuchukua miaka mingi vitovu vya matetemeko vikapangika kwenye ramani kwa usafi kiasi kwamba mipaka ya mabamba ya gamba la dunia ilijichora yenyewe. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa yeyote kudai kwamba kufungia rekodi kunamfaidisha mtu.

Sababu ya pili ni ya kihesabu. Kituo kimoja kinaweza kukuambia tetemeko liko umbali gani, lakini ili kulibana mahali pake unahitaji vituo vilivyolizunguka, na duara hilo mara nyingi hupita katika nchi tatu nne. Anayeficha vituo vyake anapata majibu mabovu kuhusu ardhi yake mwenyewe. Ndiyo maana mtandao wa GSN, wenye vituo takribani 150 duniani, hurusha data yake wazi, na shirikisho la kimataifa la FDSN limeweka muundo mmoja wa kuhifadhi na kuomba data ili kompyuta ya nchi moja ielewe ya nchi nyingine.

Si kila kitu kiko wazi, hata hivyo. Shirika la CTBTO, linalosimamia mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, lilipangiwa vituo 50 vya msingi na 120 vya ziada vya kupima mitetemo. Data yake huenda kwa nchi wanachama, na vituo vya tahadhari ya tsunami huipata kwa makubaliano maalumu. Zipo pia nchi ambazo vipima vyao havirushi chochote nje ya mipaka. Malalamiko yangu kwao ni hayo ya aya iliyotangulia.

"Papo kwa papo" ni sekunde ngapi?

Inategemea vituo vilivyo karibu na tetemeko. Mawimbi yakigonga kihisi, data hufika kituo kikuu kwa sekunde chache. Kompyuta husubiri vituo kadhaa vikubaliane, kisha hutoa mahali na ukubwa. Penye vihisi vingi, kama Japani au California, unapata jibu la awali ndani ya dakika moja au mbili, pengine chini ya hapo. Katikati ya bahari, au kwenye nchi yenye vituo vya kuhesabu kwa vidole, mawimbi lazima yasafiri mbali kwanza, na jibu la kuaminika linaweza kuchukua dakika 20.

EMSC wana njia ya mkato ninayoipenda. Mtu akitikiswa, akishajiona salama, hushika simu. Idadi ya wanaofungua tovuti na LastQuake kutoka eneo moja hupanda ghafla, na kompyuta za EMSC hulitambua wimbi hilo la watu, mara nyingi kabla vipimo vya ardhi havijatoa jibu. Kwa hiyo ukifungua programu ile kwa hofu, bila kuandika neno, umeshachangia kipimo.

Nimehisi tetemeko sasa hivi. Mbona ramani haina kitu?

Subiri dakika 10 kabla hujakasirika. Likiwa bado halipo, angalia chujio: kurasa nyingi hufunguka zikionesha kuanzia ukubwa wa 2.5 au 4.5 tu.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni kudhani kwamba orodha ya USGS ina kila tetemeko la dunia. Ndani ya Marekani inashuka hadi yale madogo kabisa, lakini kwingineko kwa kawaida huanzia karibu na 4.5. Tetemeko la 3.4 lililotokea kilomita 6 chini ya kitanda chako litakuamsha, na bado lisiandikwe humo kamwe. Hilo litafute kwenye taasisi ya taifa inayohusika, au kwa EMSC, ambayo hukusanya orodha za taasisi nyingi. Na kama hakuna jirani hata mmoja aliyelihisi, huenda lilikuwa lori.

Asubuhi walisema 6.1, mchana wakasema 5.8. Walidanganya wakati gani?

Wakati wowote ule hawakudanganya. Asubuhi walikuwa hawajamaliza kupima.

Namba ya kwanza hutolewa na kompyuta kutokana na sekunde za mwanzo za mawimbi kwenye vituo vya karibu. Baadaye mawimbi marefu hufika vituo vya mbali, mtaalamu huketi na kuondoa vituo vilivyokuwa na kelele, na hesabu hurudiwa. Kwenye kumbukumbu za USGS utaona hadhi ya tetemeko ikibadilika kutoka la kompyuta kuwa lililohakikiwa na mtu. Hata hapo safari haijaisha: Kituo cha Kimataifa cha Seismolojia, ISC, kilichoko Thatcham nchini Uingereza, hukusanya vipimo vya dunia nzima na kuchapisha orodha iliyopitiwa upya takribani miaka 2 baada ya tukio.

Mfano unaouma ni wa Japani, tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko lilianza saa 14:46 za kule. Kipimo cha kwanza cha idara yao ya hali ya hewa, JMA, kilikuwa 7.9, na tahadhari ya tsunami ikatoka dakika 3 tu baada ya tetemeko kuanza, kasi ambayo nchi nyingi hadi leo hazina. Ila 7.9 ilikuwa ndogo mno. Ufa ulikuwa mkubwa kupita vile hesabu ya haraka inavyoweza kuona, na ukubwa uliokubalika mwishoni ulikuwa 9.0. Kwa vile urefu wa tsunami ulikadiriwa kutokana na ile namba ya kwanza, pwani ya Iwate na Fukushima ilitajiwa mita 3 na Miyagi mita 6, halafu makadirio yakapandishwa wakati maji yako njiani na umeme umekatika sehemu nyingi. Waliosikia "mita 3" na kuona ukuta wa bahari ulio mbele yao ni mrefu kuliko hapo, hawakuwa na sababu ya kukimbia.

JMA walibadili utaratibu mwaka 2013. Tetemeko likionekana kuwa la 8 na zaidi, tangazo la kwanza halitaji mita. Linasema kwa maneno kwamba tsunami ni kubwa mno. Namba huja baadaye zikishastahili kuaminiwa. Ukielewa kwa nini taasisi yenye vihisi vingi kuliko karibu zote duniani iliamua kuficha namba yake ya kwanza, umeelewa nusu ya ukurasa huu.

Mashirika mawili, namba mbili. Nimwamini nani?

Tofauti ya 0.1 au 0.2 ni ya kawaida na haina ugomvi ndani yake. Tetemeko la Uturuki na Syria la tarehe 6 Februari 2023 ni 7.8 kwa USGS na 7.7 kwa AFAD, mamlaka ya maafa ya Uturuki. Kila taasisi ina vituo vyake na mfano wake wa namna mawimbi yanavyopita ardhini.

Tofauti kubwa zaidi huletwa na aina ya kipimo. Kile cha Richter cha mwaka 1935 kilitengenezwa kwa ajili ya kusini mwa California na kifaa cha aina moja, na matetemeko makubwa hupita uwezo wake. Wataalamu sasa hutumia ukubwa wa momenti, unaoandikwa Mw, ulioletwa mwaka 1979. Vyombo vya habari bado vinasema "kipimo cha Richter" kwa kila kitu. Nimeacha kulalamika.

Nisome vipi mstari mmoja wa orodha?

Tuchukue huohuo wa Uturuki: 7.8, 2023-02-06, 01:17:34 UTC, nyuzi 37.2 kaskazini, 37.0 mashariki.

Anza na saa. UTC ni saa ya pamoja ya dunia. Uturuki iko mbele kwa saa 3, kwa hiyo kule ilikuwa 04:17, yaani saa kumi na dakika kumi na saba alfajiri, watu wamelala. Msomaji wa Kiswahili ana mtego wa pili ambao wengi wengine hawana. Hiyo 01:17 ni saa saba na dakika kumi na saba usiku. Ukiisoma "saa moja na dakika kumi na saba" umeruka saa 6 nzima bila kujua. Nimewahi kuona tetemeko la usiku wa manane likitangazwa kuwa la asubuhi kwa kosa hilo tu, na mtangazaji akaendelea kueleza jinsi watoto walivyokuwa njiani kwenda shule.

Kisha kina. Utakutana na "kilomita 10" mara nyingi ajabu. Dunia haina mapenzi na 10. Kina ndicho kipimo kigumu kuliko vyote kama hakuna kituo karibu, na hesabu isipoweza kukipata, mtaalamu hukifunga kwenye 10 ili aendelee na mengine. Ukiona 10 kamili, soma "si kirefu, zaidi ya hapo hatuna uhakika".

Mahali napo pana ukungu wake. Nukta kwenye ramani ni kitovu, yaani pale mpasuko ulipoanzia. Tetemeko la 7.8 halikai kwenye nukta. Ufa ule ulipasuka kwa kilomita mamia kadhaa, na miji iliyobomoka ilikuwa imejipanga kando yake, si kuzunguka ile nukta.

Ukubwa wa tetemeko si ndiyo nguvu niliyoihisi?

Hapana. Ukubwa ni mmoja kwa tetemeko zima. Ukali wa mtikisiko hutofautiana kila mahali, na hupimwa kwa kipimo cha Mercalli, I hadi XII, au kwa kipimo cha Japani chenye ngazi 0 hadi 7. Taa ya umeme ina wati zake zilezile, lakini anayesoma karibu nayo na aliye kona ya chumba hawaoni sawa. Ongeza udongo: mchanga mlaini wenye maji hukuza mtikisiko, mwamba huupunguza.

Kila hatua moja ya ukubwa ni mara 32 hivi ya nishati. Tetemeko la Chile la tarehe 27 Februari 2010 lilikuwa 8.8, la Haiti la tarehe 12 Januari mwaka huohuo lilikuwa 7.0. La Chile lilitoa nishati takribani mara 500 zaidi. Lakini waliokufa Chile walikuwa mamia, na Haiti walizidi 100,000 kwa hesabu karibu zote. La Haiti lilikuwa fupi kwenda chini, karibu na jiji lililojaa, chini ya zege lisilo na nondo za kutosha. Chile ilikuwa na kanuni kali za ujenzi na kumbukumbu ya 1960, mwaka ilipopata tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, 9.5.

Zile rangi za kijani, njano, chungwa na nyekundu ni za nini?

Ni za mfumo wa USGS uitwao PAGER. Tetemeko likitokea, kompyuta huchora ramani ya ukali wa mtikisiko, ShakeMap, kisha huiweka juu ya ramani ya watu na aina za nyumba, na kukadiria vifo na hasara. Kijani ni kwamba huenda hakuna aliyekufa. Njano ni kuanzia mtu 1 hadi 99, chungwa 100 hadi 999, nyekundu 1,000 na kuendelea. Makadirio haya hutoka kwa kawaida ndani ya nusu saa, wakati waandishi bado wanapiga simu zisizopokewa.

Ni makadirio, siyo hesabu ya maiti. Yametengenezwa ili mashirika ya uokoaji yaamue kuamka au kulala. Ukiyanukuu kama idadi ya waliofariki, umetunga habari.

Kuna programu itakayonionya kabla ya mtikisiko kufika?

Kwa baadhi ya maeneo ndiyo, kwa sekunde chache. Tetemeko hutuma mawimbi mawili: la kwanza huenda karibu kilomita 6 kwa sekunde na halina madhara makubwa, la pili, linalobomoa, huenda karibu kilomita 3.5. Tuseme uko kilomita 100 kutoka kitovu. Wimbi bovu litakufikia baada ya sekunde 29 hivi. Vihisi vilivyo jirani na kitovu vikinasa lile la kwanza na mfumo ukatuma ujumbe sekunde ya 8, umebakiwa na sekunde 20 za kuinama na kuingia chini ya meza. Ukiwa kilomita 15 kutoka kitovu, huna kitu. Mtikisiko utakufikia kabla ya ujumbe.

Meksiko imeonesha pande zote mbili ndani ya mwezi mmoja. Tarehe 7 Septemba 2017 tetemeko kubwa lilitokea mbali, pwani ya Chiapas, na wakazi wa Jiji la Meksiko walipata zaidi ya dakika moja ya king'ora. Tarehe 19 Septemba lile la 7.1 lilitokea karibu na jiji, na king'ora kilipolia watu wengi tayari walikuwa wanatikiswa.

Japani hutangazia umma wote tangu 2007. California ina ShakeAlert tangu 2019, na Oregon na Washington zilifuata 2021. Simu za Android nazo, tangu 2020, hutumia kihisi cha mwendo kilichomo ndani yake kama kipima tetemeko, na huwafaa hasa wanaoishi mahali pasipo na mfumo wa serikali. Usiutegemee peke yake: kwa tetemeko la Uturuki la 2023, Google yenyewe ilikiri baadaye kwamba mfumo ulikadiria ukubwa wa chini mno, na mamilioni ya watu waliostahili tahadhari ya juu kabisa hawakuipata.

Nimetumiwa ujumbe kwamba tetemeko kubwa litatokea leo usiku. Nifanye nini?

Ufute. Hakuna mtu, chombo wala taasisi inayoweza kutaja siku, mahali na ukubwa wa tetemeko lijalo. Wamejaribu kwa dhati: huko Parkfield, California, matetemeko ya karibu 6 yalikuwa yanajirudia kwa mpangilio uliowapa wataalamu matumaini, wakatangaza kwamba lifuatalo litakuja kabla mwaka 1993 haujaisha, wakazungushia eneo vifaa vya kila aina. Likaja mwaka 2004. Vifaa vyote vilikuwa vinawaka na havikuona dalili yoyote.

Ila kuna umbali mkubwa kati ya "hatuwezi kutabiri" na "tulieni, hakuna hatari". Huko L'Aquila, Italia, mwaka 2009 wakazi waliosumbuliwa na mfululizo wa matetemeko madogo walipewa maneno ya kuwatuliza, na siku chache baadaye tetemeko la 6.3 likaua zaidi ya 300. Wataalamu sita na afisa mmoja walihukumiwa mwaka 2012. Wale sita waliachiwa kwenye rufaa mwaka 2014. Anayekuambia kwamba halitakuja anatabiri pia.

Limeshapita moja. Kubwa zaidi linafuata?

Huenda, ila mara chache: takribani tetemeko 1 kati ya 20 hufuatiwa na kubwa kuliko lenyewe ndani ya wiki moja. Japani ilipata la 7 na kitu tarehe 9 Machi 2011, na likadhaniwa ndilo lenyewe.

Yale madogo yanayofuatia yana tabia inayojulikana tangu mtaalamu wa Japani, Omori, alipoieleza mwaka 1894: idadi hupungua kadiri siku zinavyopita. Siku ya kwanza yakiwa 100, siku ya 10 tarajia kama 10. Idadi inashuka, lakini hata moja lililochelewa linaweza kuwa kubwa la kubomoa ukuta ulioshaachia. USGS, na GeoNet ya New Zealand, huchapisha makadirio ya namna hii kwa asilimia baada ya matetemeko makubwa ya kwao.

Matetemeko yameongezeka siku hizi, sivyo?

Arifa ndizo zimeongezeka. Kwa wastani dunia hupata takribani 15 ya ukubwa wa 7 kwa mwaka na 1 la 8 au zaidi. Mwaka 2010 yale ya 7 na zaidi yalizidi 20. Mwaka 1989 hayakufika 10. Yale madogo yanaongezeka kwenye orodha kwa sababu vihisi vimeongezeka.

Nataka kujua hatari ya ninapoishi, si habari za leo. Niende wapi?

Swali zuri kuliko yote, na ndilo linaloulizwa na wachache. Anza na wakfu wa GEM ulioko Pavia, Italia, ulioanzishwa mwaka 2009. Wametoa ramani za dunia za tishio la mtikisiko na za hasara, toleo la kwanza mwaka 2018 na jipya 2023, pamoja na programu ya OpenQuake ambayo yeyote anaweza kuipakua, kuifungua na kuona hesabu zinavyofanyika. Nchi nyingi zina pia ramani yao rasmi, ile ambayo kanuni za ujenzi huitumia.

Tenganisha mambo mawili. Tishio ni uwezekano wa ardhi kutikisika. Hatari ni tishio hilo likikutana na watu na kuta. Jangwa lenye ufa mkubwa lina tishio kubwa na hatari ndogo. Mji wa matofali dhaifu kwenye eneo lenye matetemeko ya wastani tu unaweza kuwa na hatari inayotisha.

Utakutana na maneno "uwezekano wa 10% ndani ya miaka 50", au toleo lake jingine, "tetemeko la miaka 475". Hesabu ni moja. Haimaanishi kwamba likitokea leo basi uko huru kwa miaka 475. Inamaanisha nyumba inayotarajiwa kusimama miaka 50 ina nafasi 1 kati ya 10 ya kuona mtikisiko wa kiwango hicho au zaidi, na fundi anapaswa kuijenga akijua hivyo.

Ripoti yangu ya "nilihisi" ina faida yoyote?

Kubwa, ile unayojaza mtandaoni kueleza ulivyotikiswa. Tetemeko la Virginia la tarehe 23 Agosti 2011, la 5.8, lilileta USGS ripoti zaidi ya 100,000 za watu wa kawaida. Hakuna mtandao wa vihisi unaofikia wingi huo. Ripoti hizo hurekebisha ramani ya ukali. Ripoti hata kama hukuhisi kitu na jirani yako kahisi. Ukimya nao ni kipimo.

Mashine haziwezi kukosea kabisa?

Hukosea, tena kwa kuchekesha. Mwezi Juni 2017 arifa ilitoka kwamba tetemeko la 6.8 limepiga Santa Barbara, California. Lilikuwa limepiga kweli, mwaka 1925. Mtu alikuwa anasahihisha mahali pake kwenye kumbukumbu za zamani na mfumo ukalituma kama jipya, likiwa na tarehe ya mwaka 2025. Roboti ya gazeti moja ikaandika habari papo hapo. Binadamu aliyesoma tarehe angegundua mara moja.

Nataka kutengeneza programu yangu. Nianzie wapi?

Chukua mitiririko ya GeoJSON ya USGS, yaani orodha zilizoandikwa kwa muundo ambao programu huusoma moja kwa moja: ya saa iliyopita, siku, siku 7 na siku 30. Huandikwa upya kila dakika, kwa hiyo kuiomba kila sekunde ni kuisumbua seva bure. Mambo matatu huwaangusha wanaoanza. Muda umeandikwa kwa milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Longitudo hutangulia latitudo, na ukizigeuza tetemeko la nchi kavu litaogelea baharini. Na kuna alama ya tsunami yenye 0 au 1: hiyo 1 maana yake tetemeko ni kubwa na liko upande wa bahari, basi. Haisemi kwamba tsunami ipo. Ukiifunga kwenye king'ora utawakimbiza watu usiku bila sababu. Tahadhari za tsunami zichukue kwenye vituo vyenye kazi hiyo, kama kile cha Pasifiki kilichoko Hawaii.

Hifadhi pia kitambulisho cha tetemeko, si namba yake tu, ili ukubwa ukibadilika ubadilishe rekodi ileile badala ya kutangaza tetemeko la pili.

Mbona kuna "mlipuko" kwenye orodha ya matetemeko?

Kwa sababu vihisi havichagui. Jaribio la nyuklia la Korea Kaskazini la tarehe 3 Septemba 2017 limo, 6.3, likiwa limeandikwa mlipuko. Milipuko ya migodini imo pia.

Ukubwa wa -0.4 ni kosa la uchapaji?

Hapana. Kipimo kilipobuniwa, sifuri iliwekwa karibu na mwisho wa uwezo wa vifaa vya enzi ile. Vya sasa huona chini yake.

Naweza kuweka kipima tetemeko nyumbani?

Unaweza. Vipo vidogo vinavyokaa juu ya kompyuta ndogo, Raspberry Shake ndiyo inayojulikana zaidi, na vinaweza kutuma data yake kwenye mtandao wa wazi ambao hata watafiti huutumia. Kiweke sakafuni, ghorofa ya chini kabisa, mbali na jokofu. Tetemeko kubwa la upande wa pili wa dunia litafika likiwa mawimbi marefu ya polepole ambayo hakuna mtu chumbani atakayeyahisi. Siku nyingine zote utakuwa unarekodi mlango wa jirani, na baada ya mwezi utajua kwa sura ya wimbi nani kaufunga kwa hasira.